Mche wa Kondishena na Mafuta ya Kondoo

Mwaka wa 1980 nilikuwa na miaka kumi, na huo ndio mwaka taabu ilituingia. Kwanza mbuzi walikohoa wakafa. Halafu ng'ombe waliobaki wakachukuliwa na watu wenye bunduki upande wa Lokiriama, baba akafuata nyayo zao, na hakurudi. Mama alitutembeza mpaka mahali chakula kilipokuwa kikigawiwa. Kitu cha kwanza tulichofanyiwa pale, kabla ya uji, ni kunyolewa vichwa kwa sababu ya chawa. Nywele zangu mama alikuwa amezipaka mafuta ya mbuzi na udongo mwekundu tangu nikiwa mdogo. Zilianguka mchangani, akazifagia mtu nisiyemjua.

Kwa hivyo mtu akija saluni kwangu aniambie nywele ni mambo ya urembo tu, ninamwacha aseme. Halafu ninamtoza bei ya juu.

Shule niliingia, nikafika darasa la pili, nikatoka. Kusoma kwenyewe nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye pakiti za dawa za nywele, kwa sababu ukikosea kusoma pakiti unaunguza kichwa cha mtu. Niliolewa Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilipokuja huko, sisi wanawake wa Kiturkana tulikuwa tunawauzia kuni. Mimi nilibeba mzigo wangu asubuhi, nikivuka laga, ule mto mkavu, mchanga ukiwa bado baridi, na mteja wangu mmoja alikuwa mama wa Sudan aliyesuka wenzake nje ya nyumba yake ya udongo. Nilikuwa nikishusha kuni, ninakaa, ninatazama vidole vyake. Siku moja nikamwambia, "Chukua kuni bure, nipe kichwa cha mtu nijaribu." Akanipa cha kwake. Nilikisuka vibaya sana. Akafumua, akacheka, akanipa tena.

Ndivyo nilivyoanza. Watu huniuliza ni mradi gani ulinisaidia. Hakuna mradi. Ni kuni na kichwa cha yule mama.

Lakini kabla yake kulikuwa na mtu mwingine, na huyo ndiye mwenye habari hii. Ni mama wa mume wangu. Nyumbani tunamwita Ata, yaani nyanya, hata mimi mkwe wake ninamwita hivyo kwa sababu ya watoto. Mume wangu amekwisha kupumzika, Mungu amlaze pema, lakini Ata bado yuko, ng'ambo ya laga pale Kakuma, kwenye nyumba ya makuti ya mkoma, jicho moja likiwa limefunikwa na ukungu na ulimi ukiwa hauna ukungu hata kidogo.

Kwetu, mke akiingia nyumba ya mume lazima apakwe. Kondoo anachinjwa, mkia wake unayeyushwa, mafuta yanachanganywa na udongo mwekundu, na mwanamke mkubwa wa nyumba ile anampaka bibi arusi kuanzia kichwani. Mahari ni ya wanaume. Mafuta ni ya wanawake. Mpaka upakwe, wewe ni mgeni aliyelala. Na mtoto atakayezaliwa kabla mama yake hajapakwa, watu watauliza ni wa nani, na wataendelea kuuliza hata akiwa na ndevu.

Mimi nilipoolewa sikuwa na baba wa kupokea mahari, wala kaka. Watu walimwambia Ata, "Huyu ni mtoto wa mahali pa kugawiwa chakula, hana watu nyuma yake." Ata alimkamata kondoo wake mwenyewe, mwenye mkia wa kuburuta, akanipaka mpaka mafuta yakaingia masikioni. Akageuka akawauliza, "Sasa nani ana swali?" Ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Nikizeeka zaidi nitamshukuru zaidi.

Sasa, mwanangu wa kwanza ni fundi wa pampu za maji za sola. Kazi ilimpeleka kambini, na kambini akapata mke. Msichana wa Sudan Kusini, aliyezaliwa palepale Kakuma, mama yake alifariki, baba hajulikani alipo, aliyemlea ni mjomba. Walifunga ndoa kanisani. Mahari tulimpelekea mjomba, akapokea vizuri, akatupa soda. Ikabaki mafuta. Ata alisema sawa, akachagua kondoo, tukapanga siku. Msichana alikuwa tayari mjamzito, tumbo linaonekana, kwa hivyo kila mtu alitaka lifanyike kabla ya mtoto.

Wakati tunasubiri, aliletwa Lodwar kukaa nami na kunisaidia saluni. Alikuja na begi moja, na ndani ya begi, kwenye mkebe wa majani ya chai, kulikuwa na kile kitu.

Mche. Umekatwa kama sabuni, rangi ya maziwa yaliyolala, unanukia nazi. Nikamuuliza ni nini.

"Ni kondishena, Mama. Ya mche. Kuna mama Mkongo anaiuza kule sokoni kambini."

Kondishena ninaijua. Nimeinunua miaka mingi, lakini ya chupa. Chupa nazo kwa joto la Lodwar zinafura kama tumbo la mbuzi aliyekula maharagwe, na ukisafiri nayo inamwagika kwenye begi nguo zote zinalainika. Ya mche sikuwa nimeiona. Niliikanda kwa kidole. Imeshikana, inateleza, inayeyuka kidogo kwenye joto la mkono. Mimi ni Mturkana. Nikishika kitu cha namna hiyo, mkono wangu unaniambia ni mafuta.

Kwa hivyo Jumamosi nilijipaka, na nilijipaka sana. Nilisugua mche wenyewe kichwani, kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha, nikafunga kitambaa. Sikusuuza. Jumapili nikafungua kitambaa nikaenda kanisani. Njiani upepo ulikuwa unavuma, ule wetu wa mchanga. Nilipofika, mama mmoja wa kwaya alinitazama kichwani kabla hajanisalimia.

"Ejok, hujambo mwenye saluni. Umeanguka kwenye gunia la unga?"

Nywele zilikuwa nyeupe, zimegandana, zimebeba mchanga wote wa kutoka nyumbani mpaka kanisani. Nilikaa nyuma. Wimbo wa kushangilia sikushangilia.

Nyumbani mkwe wangu aliniona akaziba mdomo kwa mkono. Kicheko kikatokea puani.

"Mama, hukusuuza?"

"Nisuuze mafuta? Umewahi kuona mtu akipaka mkate siagi halafu anausuuza?"

"Si mafuta ya kukaa, Mama. Inafanya kazi yake, halafu inakwenda."

"Kazi gani ya kufanywa na mtu aliyekwenda?"

Aliniketisha kwenye kiti cha saluni yangu mwenyewe, mimi niliyewaketisha wake za wakubwa wa mji huu, akanifundisha. Nitaiandika kama alivyonionyesha, kwa sababu wengi wanaonunua mche huu wanaharibu kama nilivyoharibu mimi.

Nywele zioshwe kwanza kwa shampuu au sabuni yake. Uzikamue zisidondoke. Mche uulowanishe kidogo tu, uusugue kati ya viganja mpaka viganja viteleze, na viganja ndivyo viende kwenye nywele, siyo mche. Anza katikati ya nywele ushuke kwenye ncha, maana ncha ndizo zenye njaa. Ngozi ya kichwa iache, ina mafuta yake. Subiri kidogo, piga gumzo, kisha chana kwa chanuo la meno mapana zikiwa bado na ule utelezi. Halafu suuza. Kikombe kimoja kikubwa na kingine nusu vinatosha kama mkono wako unajua kazi. Kwetu maji yanabebwa, kwa hivyo mkono utajua.

Maji yetu ya visima yana chumvi. Ukiosha nywele kwa maji haya zinakuwa kama waya wa kufungia mbuzi. Nilipogusa zangu siku ile baada ya kusuuzwa, chanuo lilishuka bila kupigana, nikajifanya natafuta taulo, kwa sababu sikutaka ajue haraka hivyo kwamba ameshinda.

Kuutunza nako tulijifunza kwa hasara. Tuliuacha kwenye sahani ya plastiki, maji yakabaki chini yake, asubuhi tukakuta uji. Tukauweka dirishani ukauke, jua la saa sita likapita kwenye bati, mche ukalala ukachukua sura ya dirisha. Mche huu hautaki kulala kwenye maji na hautaki kuona jua. Dawa ikawa kikapu kidogo cha majani ya mkoma, vile vya akina mama wa hapa, tukakitundika chumba cha ndani upepo unapopita, na kitambaa chepesi juu kwa ajili ya mchanga. Kikapu kinapumua, mche unakauka pande zote. Ule ambao kwenye sahani ungeisha upesi, kwenye kikapu ulitukalia mpaka tukausahau.

Na mche mmoja usipite kwenye vichwa vya watu wengi. Huo ni uchafu. Mimi ninaukata vipande kwa uzi wa kusukia, unavuta uzi unapita kama kwenye ugali, kila mteja anapata chake na kinachobaki anakwenda nacho kimefungwa kwenye karatasi. Makombo tunayakusanya, tunayakanda pamoja yakiwa laini, tunaacha yakauke tena. Hilo la uzi ni langu mimi. Mkisikia mtu mwingine analidai, mjue ni mwongo.

Wateja walipenda. Mimi nilianza kumpenda yule msichana, ingawa kwetu mkwe hapendwi waziwazi mpaka apakwe.

Ndipo Ata akaja Lodwar kuangaliwa jicho. Alikaa kwangu, uani, kwenye kigoda chake, mgongo ukutani. Siku ya pili mkwe wangu alikuwa akiosha nywele zake uani, ameinama juu ya karai, tumbo limening'inia. Ata alikuwa na lile jicho moja zima, na lile moja linaona kuliko yangu mawili.

"Anafanya nini huyo?"

Nikajibu kwa majivuno, kwa sababu nilitaka amsifu. "Anapaka nywele mafuta, Ata. Mafuta yake ya kisasa."

"Na maji ni ya nini?"

"Ya kuyatoa."

Mkwe wangu akainua kikombe, akasuuza, maji yale meupe yakaanguka kwenye karai, akayachukua akayamwaga kwenye mchanga, akasimama akatabasamu. "Ata, umeamkaje?" Ata aligeuza uso, akaniambia kwa Kiturkana chetu cha ndani, ambacho yule msichana alikuwa bado hajakishika:

"Nirudishe nyumbani."

"Daktari ni kesho, Ata."

"Jicho hili limeona ya kutosha. Mwanamke anamwaga mafuta mchangani! Nikimpaka mimi, wageni wakiondoka atakwenda nyuma ya nyumba na kikombe. Atatuosha. Yule kondoo mrudishe kwa wenzake."

Nilieleza, nikaeleza tena. Ilikuwa kama kumweleza ngamia. Alirudi Kakuma siku hiyohiyo, na ile siku tuliyoipanga ikafa.

Mwanangu alikasirika. "Mama, tulifunga ndoa kanisani. Inatosha. Hayo mafuta kwani ni cheti?"

Mkwe wangu alikuwa anakunja taulo za saluni. Hakuacha kukunja. Akasema, "Kwa kanisa inatosha. Kwa huyu," akagusa tumbo, "haitoshi. Mimi nimekulia mahali kila mtu ana kadi. Kadi ninayo. Ninataka watu."

Mwanangu akachukua taulo moja akamsaidia kukunja. Mimi nilimwelewa, maana niliwahi kuwa mtoto wa namna hiyo.

Nikaenda Kakuma peke yangu kumwomba Ata. Nilimkuta na jirani yake wa rika moja, mwanamke ambaye kazi yake duniani ni kuongezea chumvi maneno ya wengine.

"Ata," nikasema, "uliponipaka mimi, watu hawakukuambia sina watu nyuma yangu?"

"Waliniambia."

"Na huyu ni vilevile."

"Si vilevile. Wewe hukuosha."

"Sikuwa na maji!"

Jirani akacheka mpaka tumbaku ikamtoka mdomoni. Ata hakucheka. "Hata ungekuwa na ziwa lote la kule Lowarengak hapa mlangoni hungeosha. Mimi nilikuona. Ulilala na yale mafuta mpaka nzi wakakuzoea."

Ilikuwa kweli. Nilirudi Lodwar bila kitu, tumbo la mkwe wangu likazidi kukua, na ndugu wa mume wangu wakaanza kupiga simu kuuliza mambo kwa mzunguko. "Habari ya huyo mgeni?" Mgeni. Walisema neno hilo taratibu ili nilisikie.

Mwishowe msichana mwenyewe ndiye aliyesema, "Nitakwenda mimi, Mama. Nitakwenda na mche." Nilimwambia ni kama kwenda kuomba msamaha kwa mwenye ng'ombe ukiwa umeshika fimbo uliyompigia. Akasema, "Basi ataiona fimbo yenyewe." Ana kichwa kigumu. Nilifurahi. Nyumba yetu haifai kwa vichwa laini.

Tulifika Kakuma asubuhi. Ata alikuwa kwenye kivuli cha nyumba, na jirani yake palepale, kama kwamba hawakuwa wameondoka tangu niwaache. Mkwe wangu akavua viatu, akapiga magoti kwa shida.

Jirani akaanza. "Huyu ndiye anayepaka na kufuta? Ukimpikia mumeo unamlisha halafu unamtapisha?"

"Ninamlisha anashiba, bibi. Muulize amenenepa namna gani."

Jirani akarudia tumbaku yake. Msichana akafungua karatasi, akamwekea Ata mche mkononi. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani, hakuna aliyeniomba.

Ata aliugeuza mche. Akausugua kwa kidole gumba kama anavyosugua mkia wa kondoo sokoni kujua kama umeiva. Akaunusa.

"Unanuka kama duka."

Kisha akaulamba. Kabla hatujamzuia, ulimi ulikwisha kupita upande mzima. Akatema mate mbali, akafuta ulimi kwa shuka, akatema tena. Jirani alikuwa anapiga mapaja kwa kicheko.

"Mnyama gani huyu?" Ata akauliza.

"Si mnyama, Ata," msichana akasema. "Ni mafuta ya miti, na unga wa kiwandani unaoyashikanisha."

"Hakuna mbuzi?"

"Hakuna."

"Kondoo? Ngamia?"

"Hata kuku, Ata."

"Kwa hivyo hakuna aliyechinjwa."

"Hakuna aliyechinjwa."

Ata akageuza lile jicho lake zima kwangu, nami nikajua nimepatikana.

"Wewe uliniambia ni mafuta."

"Ata, kwa lugha ya..."

"Uliniambia mafuta." Akamwelekea tena msichana, na sauti yake haikuwa kali tena, ilikuwa ya kufundisha. "Sikiliza. Mafuta ni mnyama. Kuna mtu alimchunga huyo mnyama, akamtafutia majani, akalala njaa asimchinje mapema, ili mkia ujae. Ukimwaga mafuta umemmwaga na huyo mtu. Lakini hiki," akainua mche, "hiki hakuna aliyekilalia njaa. Ni maji ya miti. Mwaga unavyotaka."

Msichana akainamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, sijui kwa furaha au kwa magoti.

"Na yangu?" Ata akauliza. "Yenye kondoo ndani?"

"Hayo sitayaosha mpaka wewe mwenyewe uniambie."

"Hata yakinuka?"

"Hata yakinuka."

"Yatanuka," jirani akasema, akijaribu kurudi kwenye mazungumzo. "Mimi yangu yaliita fisi."

Ata akanyoosha mkono akamgusa msichana nywele, akazipitisha vidoleni kutoka katikati mpaka ncha, pale mche unapofanya kazi. Akarudia. Hakumsifu. Alisema tu, "Zinakamatika. Nitapaka vizuri." Halafu akaufunga mche kwenye pindo la shuka yake.

"Ata, huo ni wake," nikasema.

"Nimeulamba. Ni wangu."

Mpaka leo anao, au anao mwingine, anasugua visigino.

Siku ya kupaka ilifika na hatukuiahirisha tena. Mjomba alivuka laga kutoka kambini amevaa shati lake la kanisa, akasimama na wazee wetu, hajui aweke wapi mikono. Wanawake waliimba. Ata aliyeyusha mkia mwenyewe, hakukubali mtu amsaidie, akachanganya udongo kwenye kibuyu, akaanza utosini. Mafuta yalishuka kwenye paji la uso wa yule msichana, yakafika kwenye kope, na hakuyafuta. Yakashuka shingoni, yakashika shanga tulizomvalisha. Ata alipaka na tumbo, polepole, kama mtu anayepaka kibuyu kipya ili kisipasuke. Nilitazama nikakumbuka mikono ile ilivyokuwa masikioni mwangu. Mjomba alilia bila kujificha. Nilimpa kitambaa changu.

Kisha tukarudi Lodwar, na kazi ikawa kuishi nayo. Jua la Lodwar na mafuta ya kondoo havielewani. Yaliyeyuka, yakachakaza mito, yakaita nzi. Mkwe wangu alikuja saluni hivyohivyo, mwekundu kuanzia nywele mpaka mabega, akaosha na kulainisha vichwa vya watu kwa mche huku chake hakigusi. Mteja mmoja wa ofisi alikunja pua.

"Hapa ndani kunanuka nini?"

"Kondoo," nikamjibu. "Ukitaka kunusa kitu kingine, saluni ya jirani iko wazi."

Alikaa. Alitaka ncha zake zilainike, na jirani hana mche.

Ndugu wa mume wangu walipiga simu tena. Safari hii waliuliza, "Habari ya mke wetu?" Nilimpa simu ajibu mwenyewe.

Ujumbe wa Ata ulikuja kwa simu ya jirani yake, na nyuma ya jirani nilisikia sauti ya Ata mwenyewe ikipiga kelele, maana haamini kwamba simu inabeba sauti ya kawaida. "Mwambie aoshe sasa! Mtoto asizaliwe akadhani mama yake ni kondoo!"

Tulipasha maji moto. Mafuta yale hayakutoka kwa upole. Yalitaka sabuni, yakataka sabuni tena, maji yakitoka mekundu kwenye karai. Hayo hatukuyamwaga mahali popote tu. Niliyapeleka kwenye mzizi wa mti wa uani nikayamwaga pale taratibu, maana yalikuwa na mnyama ndani. Baada ya hapo nilichukua kipande kipya kutoka kwenye kikapu, nikakisugua viganjani, nikamlainisha mimi mwenyewe, kutoka katikati kwenda ncha. Alilala usingizi kwenye kiti.

Mtoto alizaliwa msichana. Watu walikuja kumwona, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Namshukuru Mungu, na ninawashukuru watu, maana Mungu hutumia watu. Namshukuru yule mama wa Sudan aliyenipa kichwa chake nikiharibu. Namshukuru Ata kwa ulimi wake, kwa kila kazi uliyoifanya ulimi huo. Namshukuru mkwe wangu aliyenisuuza nikiwa na majivuno mengi kuliko nywele. Nilijijenga mwenyewe, hilo nitalisema mpaka niingie kaburini, lakini mtu anayejijenga bado anahitaji wa kumshikia ngazi.

Leo, kwa anayetaka kujua, nina vitu hivi. Saluni ya mawe Lodwar, yenye viti vya kuoshea, drayari moja nzima na moja inayohitaji fundi. Tangi la maji juu ya paa. Nyumba ya vyumba viwili nyuma yake, sakafu ya saruji. Shamba dogo Katilu, la mtama, linapata maji ya mfereji. Mbuzi na kondoo Kakuma, ambao Ata anawasimamia na kuwaita wake. Ngamia mmoja mwenye hasira. Sanduku la chuma. Biblia ya maandishi makubwa. Simu. Miche ya kondishena ya kutosha mpaka mvua, kwenye vikapu vinne, chumba cha ndani.